B12 imeongoza orodha ya dokingi. Je, tumepata dawa ya virusi?

Swali: Nasoma shahada ya uzamili ya biokemia. Nimefanya dokingi (kukadiria kwa kompyuta jinsi molekuli inavyoshikamana na protini) ya vitamini zote 13 pamoja na dawa 60 zilizokwisha kuidhinishwa dhidi ya protiasi kuu ya SARS-CoV-2, kimeng'enya kinachokata protini za virusi (muundo 6LU7), kwa programu ya AutoDock Vina. Vitamini B12 imepata −9.1, asidi foliki −7.9, vitamini D3 −7.1 na vitamini C −5.4. Ligandi (molekuli inayoshikamana na protini) ya kulinganishia, N3, imepata −7.6 tu. Naweza kuandika kwamba B12 na asidi foliki ni tiba tarajiwa? Na hatua inayofuata ni ipi?

Jibu: Bado huwezi kuandika hivyo, na kwa B12 sioni kama utafika huko hata ukiendelea. Tuanze na namba zenyewe, maana ndizo zinazokupa matumaini.

Vina inakadiria nishati huru ya kushikamana, kwa kilokalori kwa moli. Kwenye joto la nyuzi 25, kila kilokalori 1.36 ni mara kumi ya nguvu ya mshikamano. Kwa hesabu hiyo −9.1 ni sawa na Kd (ukolezi ambao nusu ya protini imeshikwa; ikiwa ndogo, mshikamano una nguvu) ya takriban mikromola 0.22, −7.9 ni mikromola 1.6, −7.1 ni mikromola 6, na −5.4 ni mikromola 110 hivi. Zinapendeza machoni. Lakini waliounda programu hiyo, Trott na Olson, waliripoti wenyewe katika makala yao ya 2010 kosa sanifu la kilokalori 2.85. Igawanye kwa 1.36 uone: makadirio yanaweza kupotoka zaidi ya mara 100, kwenda juu au chini. Sasa tazama tofauti kati ya asidi foliki na N3 katika jedwali lako: 0.3. Usiijengee hoja yoyote. Rudia hesabu ukiwa na mbegu nyingine ya nasibu (namba inayoanzisha utafutaji) na huenda mpangilio ukapinduka.

Hiyo N3 nayo umeionea. Katika fuwele ya 6LU7, N3 imefungwa kwa kifungo cha kovalenti kwenye salfa ya Cys145 (sisteini, asidi amino ya 145 ya protiasi), na sehemu kubwa ya nguvu yake inatoka hapo. Vina ya kawaida haitengenezi kifungo cha namna hiyo, kwa hiyo umeishindanisha ikiwa imenyang'anywa silaha. Isitoshe, Vina hugawanya jumla ya alama kwa 1 + 0.0585 × idadi ya vifungo vinavyozunguka. Molekuli ndefu ya aina ya peptidi yenye vifungo 18 hivi inagawanywa kwa 2.05, yaani inapoteza zaidi ya nusu ya alama zake. Ndiyo maana makala nyingi za mwaka 2020 zilijaa viungo vya jikoni "vilivyoishinda N3". Kuishinda N3 ndani ya Vina hakuhitaji ubora wowote wa dawa. Chukua muundo 6W63, ambamo protiasi hiyohiyo imeshikana na X77 bila kifungo cha kovalenti. Hapo ulinganisho utakuwa wa haki, na utaweza pia kupima kama mpangilio wako unairudisha ligandi mahali pake.

Kwa nini B12 iko juu

Hesabu atomu zisizo haidrojeni. B12 ya vidonge, sianokobalamini, inazo 93. Asidi foliki inazo 32, D3 inazo 28, vitamini C inazo 12. Alama za Vina ni jumla ya migusano. Molekuli kubwa inagusa zaidi, basi inapata zaidi. Ukigawanya alama kwa idadi ya atomu, B12 inapata 0.10, asidi foliki 0.25, D3 0.25 na vitamini C 0.45. Ligandi nzuri ya dawa huwa karibu na 0.3. Kwa kipimo hiki B12 inakuwa ya mwisho kwa mbali. (Usikimbilie kuitawaza vitamini C sasa, kipimo hiki nacho huzipendelea molekuli ndogo mno. Nitairudia.)

Kuna ubovu mwingine wa B12 usioonekana kwenye jedwali. Katikati yake pana kobalti iliyofungwa pande sita. Vina haijui kemia hiyo. Inaichukulia metali kama chembe ya jumla inayoweza kutoa kifungo cha haidrojeni. Pete kubwa inayoizunguka kobalti inabaki ngumu wakati wote wa utafutaji, kwa sababu Vina haipindi pete. Fungua pozi la kwanza (mkao wa molekuli uliopata alama bora) katika programu ya kutazamia, PyMOL au ChimeraX, uangalie: kwa ukubwa ule, B12 haiwezi kuingia ndani ya mfuko wenye His41 na Cys145. Nategemea utaikuta imelala mdomoni mwa mfuko, sehemu kubwa ikiwa nje ndani ya maji. Hiyo peke yake inatosha kuiondoa.

Kabla ya kurudia: protini

6LU7 inakupa mnyororo mmoja wa protiasi, lakini kimeng'enya hiki hufanya kazi kikiwa jozi. Serini ya kwanza ya mnyororo wa pili, Ser1, inafika hadi karibu na Glu166 ya mnyororo wa kwanza na kusaidia kuunda umbo la S1, sehemu ya mfuko inayopokea glutamini ya peptidi inayokatwa. Ukiacha mnyororo wa pili, ukuta mmoja wa mfuko umepungua, na ligandi zitajaza nafasi ambayo kiuhalisia ina mwenyewe. Pakua faili la muundo wa kibiolojia badala ya lile la kawaida, upate jozi nzima.

Ukishaondoa N3, rudisha haidrojeni ya Cys145. Programu nyingi huiacha salfa ikiwa wazi kwa sababu faili linasema ilikuwa imefungwa. Kagua histidini moja moja. His163 inatakiwa kuwa na haidrojeni upande wa epsiloni, kwa sababu ndiyo inayoshika oksijeni ya glutamini ya P1, yaani ile inayokaa kwenye S1; ikiwekwa upande wa delta, ligandi zote zitakosa kifungo muhimu na hutajua kwa nini. Kuhusu maji, usiyafute yote kwa mazoea. Ipo molekuli moja ya maji karibu na His41 inayoonekana katika miundo mingi ya protiasi hii. Fanya dokingi mara mbili, ukiwa nayo na bila hiyo, uone kama mpangilio wa orodha unabadilika.

Kisanduku cha utafutaji kiwe na kitovu kwenye wastani wa nukta za X77, na upande wa angstromu 22 hivi. Vina hutoa onyo ukizidi angstromu 27,000 za ujazo, na onyo hilo lina maana: utafutaji unakuwa mwembamba mno. Watu huzungushia kisanduku protini nzima, kisha wakaacha kiwango cha utafutaji kwenye 8, ambacho ndicho cha kawaida cha programu. Panda hadi 32, rudia kwa mbegu tano tofauti, na uandike wastani pamoja na mtawanyiko. Molekuli ambayo pozi lake la kwanza linahama kila mbegu inapobadilika haina pozi.

Kabla ya kurudia: vitamini

Hapa ndipo kazi nyingi za vitamini huharibika, na mara chache mtu husema. Vitamini uliyopakua kwenye hifadhi ya molekuli mara nyingi siyo ile inayozunguka mwilini. Asidi foliki ni umbo la vidonge. Kwenye damu folati iliyo nyingi ni 5-methili-tetrahidrofolati. B6 inayofanya kazi ni piridoksali fosfati. B1 ndani ya seli huwa na fosfati mbili. D3 hugeuzwa na ini kuwa 25-hidroksivitamini D, kisha figo huitengeneza kalsitrioli. Fanya dokingi ya maumbo hayo, au eleza wazi kwamba umepima kidonge na siyo kilicho mwilini.

Dawa zako 60 zina mtego uleule. Oseltamivir na enalapril humezwa zikiwa hazijawa dawa kamili; mwili ndio unaozikamilisha. Remdesivir hufika kwenye kimeng'enya cha kunakili RNA ikiwa na fosfati tatu, ikichukua nafasi ya ATP. Kuidoki remdesivir nzima kwenye protiasi na kutoa maoni juu ya alama zake ni kupima kitu ambacho hakitokei.

Halafu chaji. Kwenye pH 7.4 vitamini C imeshapoteza protoni moja, maana pKa yake ni karibu 4.1. Asidi foliki inabeba chaji mbili hasi. Andaa molekuli katika hali hizo, lakini jua kwamba hata ukiandaa vizuri, mfumo wa alama wa Vina hautumii chaji kabisa. Folati yenye hasi mbili ikisogea karibu na Glu166, ambayo nayo ni hasi, Vina haioni msukumano wowote. Nashuku sehemu ya ile −7.9 inatokana na hilo. Vina 1.2 iliyotoka 2021 inakuruhusu kutumia mfumo wa alama wa AutoDock4 ambao unahesabu chaji. Zipitishe tena molekuli zako zote humo. Asidi foliki ikishuka hadi katikati ya orodha, umepata jibu.

Kwa D3, pete A ya vitamini hii ina mikao miwili ya kiti, nayo hubadilishana. Kwa kuwa Vina haipindi pete, ingiza mikao yote miwili kama ligandi mbili. Kagua pia kwamba programu iliyotengeneza umbo la pande tatu haijageuza mpangilio wa vifungo maradufu vya kaboni. Vitamini D iliyogeuzwa ni molekuli nyingine kabisa.

Jaribu mtambo wako kwanza

Kabla ya kuamini chochote kuhusu vitamini, onyesha kwamba mpangilio wako unatofautisha kizuizi cha kweli na takataka. Kwanza irudishe X77 mfukoni: pozi la kwanza liwe ndani ya angstromu 2 za lile la fuwele. Pili, kusanya vizuizi visivyo vya kovalenti ambavyo vimepimwa maabara. Mradi wa COVID Moonshot, ulioanza Machi 2020, uliweka hadharani matokeo ya zaidi ya molekuli 2,000 zilizotengenezwa na kupimwa dhidi ya protiasi hii. Chagua 20 au 30 zenye nguvu, kisha kwa kila moja weka molekuli 50 za mtego, yaani zisizotarajiwa kuizuia protiasi, zenye uzito, chaji na idadi ya vifungo vinavyozunguka vinavyokaribiana nayo. Piga dokingi zote pamoja. Kama vizuizi vya kweli havijitengi na mitego, basi mpangilio huo hauna la kusema juu ya B12 wala kitu kingine, hata alama ziwe nzuri kiasi gani. Katika orodha ya molekuli 73 lazima mmoja awe wa kwanza, hata kama zote ni bure.

Uigaji wa mwendo wa molekuli unafaa baada ya hapo, na kwa wachache waliobaki tu. Fanya mara tatu zenye kasi tofauti za mwanzo, kila moja nanosekunde 100 au zaidi, jozi nzima ikiwa kwenye maji yenye chumvi ya mola 0.15. Ligandi ikitoka mfukoni, imefeli. Ikibaki, umejua tu kwamba haijatoka. Nanosekunde 100 ni muda mfupi mno kuwa ushahidi wa dawa.

Swali la damu

Kama una nafasi ya kufanya ukaguzi mmoja tu katika tasnifu yako, fanya huu: linganisha Kd iliyokadiriwa na ukolezi halisi wa molekuli mwilini.

B12 katika damu iko kwenye pikomola mia kadhaa, na imebebwa na protini zake maalumu. Hata tukikubali ile mikromola 0.22, damu ina takriban mara 500 pungufu. Folati ya damu ni nanomola 10 hadi 45, dhidi ya mikromola 1.6. Ile 25-hidroksivitamini D, kwa mtu asiye na upungufu, iko nanomola 50 hadi 125, na zaidi ya asilimia 99 imeshikwa na protini. Iliyo huru kufika ndani ya seli ni chembe tu. Kalsitrioli ni ndogo zaidi, nanomola 0.1 hivi.

Anayebaki ni vitamini C. Damu ina mikromola 50 hadi 80, seli nyeupe hulimbikiza zaidi ya hapo, na Kd yako iliyokadiriwa ni 110. Kwa karatasi, ndiyo pekee iliyo karibu na lengo, nayo ndiyo iliyoshika mkia wa alama zako. Lakini −5.4 ni alama ambayo karibu molekuli yoyote ndogo yenye oksijeni nyingi itaipata popote kwenye protini. Iko ndani ya kelele. Wagonjwa nao wameshapewa: jaribio la COVID A to Z nchini Marekani, lililochapishwa 2021, liliwapa watu waliokuwa wakiugulia nyumbani gramu 8 kwa siku kwa siku 10, na dalili hazikuisha haraka kwa kiwango cha maana. Vitamini D nayo ilipimwa Brazil kwa dozi moja ya vizio 200,000 kwa wagonjwa waliolazwa. Siku za kukaa hospitalini hazikupungua. Majaribio haya lazima yatajwe katika kazi yako. Msomaji hapaswi kudhani uwanja ni mtupu.

Kisa cha ivermectin, dawa ya minyoo, kilikwama papo hapo. Mwaka 2020 ilizuia virusi katika seli kwa mikromola 5, ilhali dozi ya kawaida ya mikrogramu 200 kwa kilo huiacha damu na mikromola 0.05 hivi. Pengo la mara 100 halizibwi kwa kuongeza vidonge bila kumuumiza mtu.

Ukitaka kuendelea na D3, ningekushauri uhame protiasi. Mwaka 2020 watafiti wa Bristol walionyesha kwa hadubini ya elektroni kwamba protini ya mwiba ya SARS-CoV-2 ina mfuko wa mafuta uliokaliwa na asidi linoleiki, na kwamba ikikaliwa mwiba hujifunga. Baadaye uigaji wao ulizitaja vitamini zenye asili ya mafuta, D, K na A, kuwa zinaweza kukaa humo. Molekuli kama D3, yenye kundi moja la hidroksili na mkia mrefu wa kaboni, ina sababu ya kuingia kwenye mfuko wa mafuta. Kwenye protiasi, ambako S1 inapenda glutamini, sababu hiyo siioni. Swali la ukolezi linabaki palepale.

Maabara, na vitamini zinavyodanganya

Kipimo cha kawaida cha protiasi hii hutumia kipande cha peptidi chenye Edans, molekuli inayoangaza, upande mmoja na Dabcyl, inayozima mwanga huo, upande wa pili. Kikikatwa, Edans huangaza. Huchochewa kwa mwanga wa nanomita 340 hadi 360 na kuangaza karibu na 460 hadi 490. Sasa: B12 hufyonza mwanga kwa nguvu kwenye nanomita 361. Asidi foliki hufyonza karibu na 350. Vitamini A huchochewa karibu na 325 na kuangaza katika eneo lilelile la Edans. B2 huangaza yenyewe, karibu na 525. Ukizimwaga kwenye kipimo bila tahadhari, B12 "itazuia" kimeng'enya vizuri sana, kwa kuwa imeziba taa. Chukua peptidi iliyokwisha kukatwa yote, ongeza vitamini kwa kila ukolezi unaopima, uone mwanga unapungua kiasi gani. Upungufu huo ndio wa kurekebishia hesabu, na ukizidi nusu achana na kipimo hicho. Tumia cha kutenganisha vipande kwa kromatografia.

Vitamini D, E na K haziyeyuki kwenye maji. Hukusanyika kuwa matone yanayomeza kimeng'enya, na matokeo yanafanana kabisa na uzuiaji. Weka Triton X-100 (aina ya sabuni) asilimia 0.01, uzuiaji ukitoweka, yalikuwa matone. Weka pia DTT (kemikali inayozuia uoksidishaji) milimola 1, maana Cys145 huoksidishwa kirahisi: ebselen, iliyosifiwa sana mwanzoni, ilipoteza makali DTT ilipowekwa. Kizuizi cha uhakika kiwe nirmatrelvir, ambayo Ki yake (kipimo cha nguvu ya uzuiaji, ndogo ndiyo kali) ni nanomola 3 hivi. Kama kipimo chako hakiioni, kirekebishe kwanza.

Kwa seli, epuka kutegemea Vero E6, seli za figo za nyani, peke yake. Hydroxychloroquine ilizuia virusi humo kwa kuvuruga njia ya kuingilia ya vifuko vya asidi, lakini katika seli za mapafu za Calu-3, ambazo zina TMPRSS2, kimeng'enya kinachowapa virusi njia nyingine ya kuingia, haikufanya kitu. Na mnamo Juni 2020 jaribio la RECOVERY nchini Uingereza likaonyesha haipunguzi vifo. Pima sumu kwa seli sambamba, na udai angalau mara 10 kati ya kiwango kinachoua seli na kile kinachozuia virusi. Kama dawa zako 60 zina zile zenye chaji chanya na mkia wa mafuta, fahamu kwamba utafiti wa 2021 ulionyesha nyingi za aina hiyo "huzuia" virusi kwa kulimbikiza fosfolipidi ndani ya seli, bila kugusa shabaha inayotajwa.

Usinielewe kwamba njia ya kompyuta haifai. Ensitrelvir, inayozuia protiasi hiihii bila kifungo cha kovalenti, ilianzia kwenye uchujaji wa kompyuta huko Japani. Mwanzo wake ulikuwa molekuli ya IC50 (ukolezi unaozuia nusu ya kazi ya kimeng'enya) mikromola 8.6, na wanakemia wakaibadilisha hadi nanomola 13. Tazama kilichofanyika hapo: kompyuta ilitoa watahiniwa, maabara ikapima, kisha molekuli ikabadilishwa umbo. Vitamini huwezi kuibadilisha umbo ukaendelea kuiita vitamini, na kwa hiyo ile mikromola ya mwanzo ndiyo ya mwisho.

Katika tasnifu andika "molekuli zilizochaguliwa kwa ajili ya kupimwa", ueleze toleo la Vina, nukta za kisanduku, mbegu, hali ya kila histidini na umbo la kila vitamini, na usitaje dozi yoyote ya kumeza. Kama bajeti inatosha sampuli chache, B12 isiwemo. Nunua 5-methili-tetrahidrofolati, dawa mbili au tatu zitakazobaki juu baada ya kupita Vina na AutoDock4, nirmatrelvir ya kulinganishia, na molekuli mbili za mtego zilizopata alama nzuri. Mtoa majibu wa kipimo asijue ipi ni ipi.